Kwa nini chapa kubwa za Magharibi hukwama zinapoingia soko la Uchina?

Neema_M aliuliza:

Habari zenu wana jukwaa. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara, na nimefika mahali ambapo vitabu peke yake havinitoshi. Naamini baadhi yenu mnaweza kunisaidia, hasa mlioishi Uchina au mnaokwenda huko mara kwa mara kununua bidhaa.

Swali langu ni hili. Kampuni zilizokwisha kutamba Marekani na Ulaya, zenye fedha, wataalamu na majina yanayojulikana duniani kote, ziliingia Uchina kwa kishindo na baadhi yake zikaondoka kimyakimya. Home Depot, kampuni ya Marekani ya maduka ya vifaa vya ujenzi, ilinunua kampuni yenye maduka 12 mwishoni mwa mwaka 2006, na kufikia Septemba 2012 ilikuwa inafunga maduka yake makubwa 7 yaliyobaki. Mattel, mtengenezaji wa mwanasesere Barbie, ilifungua jumba la Barbie la ghorofa 6 katika barabara ya Huaihai mjini Shanghai mwezi Machi 2009, na miaka miwili baadaye likafungwa. Nikiongeza eBay, Best Buy, Marks & Spencer, Tesco, Carrefour na Amazon, orodha inazidi kurefuka.

Karibu kila ninachosoma kinanipa jibu lilelile, kwamba hawakuelewa utamaduni wa Wachina. Jibu hilo haliniridhishi. Ikiwa utamaduni ndio kikwazo, KFC imewezaje kuuza kuku wa kukaanga kwa watu wenye mapishi mengi na ya kale kiasi kile? Na ikiwa kampuni hizi zilikuwa na watafiti wa soko, ambao bila shaka waliziambia kwamba Mchina haishi kama Mmarekani, kwa nini taarifa hizo hazikuziokoa? Naomba mnieleze jinsi mambo yalivyokwenda hasa, hatua kwa hatua, kwa visa mnavyovifahamu.

Mkalimani_Guangzhou alijibu:

Dada Neema, karibu. Nimeishi Guangzhou miaka 11, kwanza kama mwanafunzi, kisha kama mkalimani wa wafanyabiashara wetu wanaotoka Kariakoo, Nairobi na Lubumbashi kufuata mizigo. Nitaanza na Home Depot kwa sababu kisa chake kinaeleweka vizuri ukikijua kitu kimoja kuhusu nyumba za huko.

Miaka ile, nyumba mpya katika jengo la ghorofa ilikuwa ikikabidhiwa kwa mnunuzi ikiwa tupu kabisa: sakafu ya saruji, kuta za saruji, nyaya zinaning'inia, hakuna milango ya ndani, hakuna sinki, hakuna vigae. Wenyewe huiita maopi, yaani nyumba ghafi. Kwa mtu aliyeketi makao makuu ya Home Depot huko Atlanta, habari hiyo ilikuwa neema kubwa, kwa sababu ilimaanisha familia nyingi mno zinazohitaji rangi, vigae, mabomba na makabati kwa wakati mmoja. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba hawakufanya utafiti. Kosa lilikuwa katika kumtambua mnunuzi. Home Depot ni duka la mtu mwenye gereji na bustani, ambaye Jumamosi hupanda ngazi akapaka rangi nyumba yake mwenyewe kwa sababu ujira wa fundi wa Marekani ni mkubwa. Uchina mafundi waliotoka mikoani walikuwa wengi na ujira wao ulikuwa mdogo, kwa hiyo mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kushika brashi. Alimwita fundi, naye fundi akampeleka kwenye soko la vifaa vya ujenzi, ambako vibanda vya vigae vimepangana safu kwa safu, ambako fundi anajuana na wenye vibanda, bei inapatanwa, na mara nyingi fundi mwenyewe hupata chochote kwa kumleta mteja. Duka safi lenye bei zisizogusika halikuwa na nafasi katika mnyororo huo. Sisi tuliojenga Mbagala au Kimara tungeliliona hilo mapema, maana nasi fundi ndiye anayetuelekeza tukanunue wapi.

Best Buy nayo ilijikwaa katika jambo linalofanana na hilo. Katika maduka makubwa ya vifaa vya umeme ya Kichina, yaani Gome na Suning, kila mtengenezaji wa televisheni au friji alikuwa na eneo lake dukani na wauzaji wake mwenyewe, wanaolipwa kwa kadiri wanavyouza. Mteja alipopita, aliitwa kutoka pande tatu, na bei aliyotajiwa mwanzo ilikuwa mlango wa kuanzia mazungumzo. Best Buy ilinunua bidhaa kwa fedha zake, ikaajiri wauzaji wake kwa mshahara usiotegemea mauzo, ikamwacha mteja ajaribu vifaa kwa raha zake, na ikaweka bei zisizopatanwa. Mteja alinufaika sana na utaratibu huo: aliingia, akajaribu, akaelezwa kwa upole, kisha akaenda kununua kifaa hichohicho kwa bei ya chini zaidi mahali pengine. Hata jina lao la Kichina, Baisimai, lilisomeka kama kumwambia mtu afikiri mara mia kabla ya kununua. Februari 2011 maduka yake yote 9 yenye jina la Best Buy yakafungwa.

Mama_Wawili alijibu:

Naongeza neno dogo kuhusu Barbie, kama mzazi. Marekani mama anamnunulia bintiye Barbie kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na Barbie, na mama yake alikuwapo mwanasesere huyo alipoanza kuuzwa mwaka 1959. Mama wa Shanghai aliyekuwa na binti wa miaka sita mwaka 2009 alizaliwa na kukua wakati Barbie hajulikani kwao. Mattel ilijenga ghorofa 6, zenye mkahawa na mahali pa kujiremba, kusherehekea kumbukumbu ambayo mteja hakuwa nayo. Na mzazi yule, mwenye mtoto mmoja anayetazamwa na babu na bibi wa pande mbili, fedha yake ya ziada aliielekeza kwanza kwenye masomo.

Mwalimu_Hamadi alijibu:

Nawashukuru mliotangulia. Ningependa kuleta kisa cha eBay, ambacho kwa maoni yangu kinafundisha kuliko vingine vyote, kwa sababu ndani yake utamaduni una nafasi ndogo sana na hivyo tunaweza kuona vizuri kinachobaki.

Mwaka 2002 eBay ilinunua theluthi moja ya EachNet, kampuni ya minada ya mtandaoni iliyoanzishwa Shanghai mwaka 1999, kwa dola milioni 30. Mwaka uliofuata ikanunua sehemu iliyobaki kwa dola milioni 150 hivi. Tafadhali zingatieni mwanzo huo: haikuingia ikiwa mgeni asiyejua njia, bali ilinunua kampuni ya wenyeji iliyokuwa ikiongoza soko, pamoja na wafanyakazi wake wanaomfahamu mteja. Mwezi Mei 2003 Alibaba ya Hangzhou ikaanzisha Taobao, soko la mtandaoni la kushindana nayo. Miaka mitatu na nusu baadaye, Desemba 2006, eBay ikafunga tovuti yake ya Uchina na kuingia ubia ambamo Tom Online, kampuni ya Kichina ya mtandao, ndiyo iliyokuwa mshika usukani.

Kati ya tarehe hizo mbili kulitokea nini? Taobao haikumtoza muuzaji hata senti kwa kutangaza bidhaa, ilhali eBay ilitoza. Taobao iliweka chombo cha kuzungumza papo kwa papo ili mnunuzi amuulize muuzaji maswali na kupatana naye bei, ilhali eBay iliogopa kwamba wawili hao wakizungumza watamalizana pembeni na kuikosesha ada. Kisha likaja suala la uaminifu, ambalo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Mnunuzi wa Chengdu anamtumiaje fedha muuzaji wa Wenzhou asiyemjua, wakati kadi za mkopo ni chache na kumshtaki tapeli ni shughuli ndefu? Alipay, huduma ya malipo ya Alibaba, ilijibu kwa utaratibu ambao hata dalali wa Forodhani angeuelewa mara moja: fedha inakaa kwa mtu wa kati hadi mnunuzi apokee mzigo na kuridhika nao, ndipo muuzaji alipwe. Tusidhani kwamba huo ni utamaduni wa kale wa Kichina. Ni dawa ya tatizo lililokuwapo wakati ule katika nchi ambayo taasisi za malipo na za kulinda mlaji zilikuwa bado changa.

Mwaka 2004 eBay ikafanya jambo ambalo nimelitafakari miaka mingi. Iliihamisha tovuti ya Uchina kutoka kwenye mitambo yake ya ndani na kuiunganisha na mfumo mmoja wa dunia nzima ulioendeshwa kutoka Marekani. Kurasa zikawa nzito kufunguka kwa sababu taarifa zilivuka bahari kwenda na kurudi, vitu ambavyo wateja walikuwa wamevizoea vikapotea, na marekebisho madogo yakalazimika kungojea foleni ya wahandisi walio mbali, wanaohudumia nchi nyingi. Wafanyakazi wa Shanghai waliona wateja wakihama. Walijua sababu. Hawakuwa na ruhusa ya kuizuia.

Hapo ndipo ninapolikamata swali la Neema kuhusu utafiti. Ujuzi ulikuwapo, kilichokosekana ni mamlaka ya kuutumia mahali ulipo na kwa wakati wake. Wala tusiwaone waliofanya uamuzi ule kuwa wajinga. Kampuni ya aina hiyo hupata faida yake kubwa kwa sababu mfumo mmoja unatumika kila mahali, na nchi moja ikiruhusiwa kuwa na mfumo wake, gharama hupanda na nchi nyingine nazo huomba. Isitoshe, eBay ilikuwa na wenye hisa waliotazamia mapato kila robo mwaka, wakati Alibaba ilikuwa na wafadhili waliokubali kungoja. Miongoni mwao alikuwamo Yahoo, aliyeweka dola bilioni 1 mwezi Agosti 2005 na kupata karibu asilimia 40 ya hisa. Fedha ya Marekani ilisaidia kuishinda kampuni ya Marekani, kwa sababu fedha hiyo ilikuwa mikononi mwa watu walioruhusiwa kuamua palepale Hangzhou. Kwa maneno mengine, Neema, mahali pa kutazama ni umbali kati ya anayemwona mteja na anayetia saini.

Wakili_Mombasa alijibu:

Mwalimu, nakuheshimu, lakini nachelea kwamba serikali inasahaulika katika mazungumzo haya, na bila serikali picha haikamiliki.

Hadi Desemba 2004, miaka mitatu baada ya Uchina kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, muuzaji wa rejareja wa kigeni hakuwa huru kufungua duka popote alipotaka kwa mtaji wake mwenyewe. Masharti ya ubia na ya maeneo yalimbana wakati ambao wenyeji walikuwa wakijipanga. Mwaka 2008 Coca-Cola ilitaka kuinunua Huiyuan, kampuni kubwa ya maji ya matunda, kwa dola bilioni 2.4 hivi, na mwaka 2009 Wizara ya Biashara ikakataa kwa kutumia sheria mpya ya kuzuia ukiritimba. Danone, kampuni ya chakula ya Ufaransa, ilikaa kwenye ubia na kampuni ya vinywaji ya Kichina iitwayo Wahaha tangu 1996, ikaingia nao katika mgogoro wa hadharani mwaka 2007, na mwaka 2009 ikauza hisa zake kwa mshirika huyohuyo. Machi 2021, baada ya tamko la H&M (kampuni ya mavazi ya Sweden) kuhusu madai ya kazi za kulazimishwa katika pamba ya mkoa wa Xinjiang kusambazwa upya mitandaoni, bidhaa zake ziliondolewa katika majukwaa makubwa ya mauzo na maduka yake yakatoweka hata kwenye ramani za simu. Hakuna meneja, awe Shanghai au Stockholm, mwenye mamlaka ya kulishinda jambo kama hilo.

Kuna pia sheria ya alama za biashara, ambayo humpa haki aliyetangulia kusajili. Michael Jordan, nyota wa mpira wa kikapu, alipambana mahakamani na kampuni ya Qiaodan iliyotumia jina lake kwa herufi za Kichina, na ni Desemba 2016 tu ambapo Mahakama Kuu ya Umma ilimpa ushindi, tena wa sehemu. New Balance, kampuni ya viatu, iliamriwa mwaka 2015 kulipa yuan milioni 98 kwa kutumia jina la Kichina ambalo mtu mwingine alikuwa amelisajili, ingawa mwaka uliofuata rufaa iliteremsha kiasi hicho hadi yuan milioni 5. Mgeni anayedhani kwamba jina lake ni lake kila mahali huonywa kwa gharama kubwa.

Neema_M alijibu:

Nawashukuru sana nyote. Wakili, hoja yako nimeipokea, na sura ya sheria itakuwamo katika tasnifu. Hata hivyo, Home Depot, Best Buy na jumba la Barbie hayakufungwa na serikali, na Costco ilipofungua duka lake la kwanza Shanghai mwezi Agosti 2019, watu walijaa hadi likalazimika kusimamisha huduma kabla ya jioni. Mlango ulikuwa wazi na wateja hawakuchukia ugeni. Kwa hiyo bado nataka kuelewa kwa nini KFC iliweza, na kama hoja ya Mwalimu kuhusu umbali wa maamuzi inaeleza pia waliofanikiwa.

Zuhura_Shanghai alijibu:

Mdogo wangu Neema, mimi ni mzaliwa wa Moshi, nipo Shanghai tangu 2008, na kazi yangu ni kuingiza kahawa mbichi na kuiuza kwa wakaangaji. Nitakujibu kuhusu KFC, kisha nitakuomba ulibadilishe swali lako kidogo.

KFC ilifungua mgahawa wake wa kwanza Qianmen, Beijing, tarehe 12 Novemba 1987, wakati watu wengi wa mji ule walikuwa hawajawahi kuona mgahawa wa aina hiyo. Lakini umri peke yake hauelezi mafanikio yake. Kwa zaidi ya miongo miwili shughuli za Uchina zilisimamiwa na watu waliotoka katika mazingira ya lugha ya Kichina, wakiongozwa na Sam Su aliyezaliwa Taiwan, na wao walipewa nafasi ya kuamua mambo ambayo kampuni nyingine huyafungia makao makuu. Waliuza uji wa mchele asubuhi. Waliweka youtiao, vijiti vya unga wa ngano vilivyokaangwa ambavyo Wachina huvila pamoja na maziwa ya soya, kama sisi tulavyo maandazi kwa chai. Waliweka kuku aliyeviringishwa katika chapati nyembamba kwa mtindo wa Beijing. Pia walijenga maghala na misafara yao ya malori, kwa sababu nchi ilikuwa haina msafirishaji wa chakula baridi wa kutegemewa kila mkoa, na hilo naliona kuwa kubwa kuliko uji na youtiao, ingawa waandishi wengi hulipita haraka kwa kuwa halivutii kusimulia. Novemba 2016 biashara hiyo ikatenganishwa na kampuni mama, Yum ya Marekani, na kuwa kampuni kamili, Yum China. Desemba 2023 ilifikisha migahawa 10,000 ya KFC. Haikukosa misukosuko, maana kashfa ya nyama ya mwaka 2014 iliyomhusu mgavi mmoja wa Shanghai iliiumiza, lakini ilikuwa na watu wa kuamua hapahapa siku ileile.

Sasa ombi langu. Usiandike tu kuhusu kuingia sokoni, kwa sababu baadhi ya unaowaorodhesha waliingia vizuri sana. Carrefour ilifika mwaka 1995 na kwa karibu miongo miwili ilikuwa mwalimu wa supamaketi wa nchi hii. Wenyeji walikwenda kujifunza kwake jinsi ya kupanga mboga na kushusha bei. Miaka ile meneja wa duka alikuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua bidhaa na wauzaji wake, naye alijua mtaa wake unakula nini. Baadaye madaraka hayo yakapandishwa ngazi za juu ili kubana matumizi na kuzuia rushwa ya ununuzi, sababu ambazo mtu hawezi kuzibeza. Wakati huohuo mteja akahamia kwenye simu. Alibaba ilipofungua maduka ya vyakula ya Hema mwaka 2016, mkazi wa jirani aliweza kuagiza samaki hai akaletewa nyumbani ndani ya nusu saa. Mwaka 2019 Carrefour iliuza asilimia 80 ya biashara yake ya Uchina kwa Suning, kwa euro milioni 620. Lakini Suning, Wachina wa kuzaliwa, nao walielemewa na madeni na maduka hayo yakaendelea kufungwa moja baada ya jingine. Kwa hiyo uenyeji si hirizi. Wenyeji hushindwa kila siku hapa. Sisi hatuwasikii kwa sababu majina yao hatuyajui, na hilo linatupotosha tunapohesabu nani ameshindwa.

Nimeona hayo katika kahawa kwa macho yangu. Starbucks ilifungua duka la kwanza Beijing mwezi Januari 1999 na kuwafundisha wanywaji wa chai kukaa na kikombe cha kahawa kama watu walio sebuleni. Kazi hiyo ya kufundisha ilikuwa ngumu na waliifanya vema. Kisha mwaka 2017 ikazaliwa Luckin, yenye vibanda vidogo visivyo na viti vingi, mteja anaagiza kwa simu kabla hajafika, bei ikiwa sehemu ndogo ya bei ya Starbucks. Mwaka 2020 ilibainika kwamba Luckin ilikuwa imeghushi mauzo ya yuan bilioni 2.2, ikaondolewa katika soko la hisa la Nasdaq, na wengi katika kazi yetu tuliamini kwamba imekwisha. Ikabadilisha uongozi, ikaendelea kutoa vinywaji vipya kila mara, na mwaka 2023 ikaipita Starbucks kwa mauzo nchini. Septemba mwaka huo ilichanganya kahawa na maziwa yenye ladha ya pombe ya Moutai na kuuza vikombe milioni 5.42 siku ya kwanza. Mtu anaweza kukipenda kinywaji hicho au asikipende, na mimi kama Mwislamu sikukionja, lakini kasi ile ya kubuni, kujaribu na kuacha ndiyo inayowachosha wageni. Starbucks haikushindwa kuingia. Ilishinda, kisha soko ililolilea likazaa mshindani anayekimbia kuliko yeye.

Mkalimani_Guangzhou alijibu:

Dada Zuhura amesema kweli, nami naongeza upande wa pili wa kioo, kwa sababu wateja wangu wengi huuza simu. Tecno na Itel ni za Transsion, kampuni ya Shenzhen ambayo ilijenga jina lake Afrika kabla ya kujulikana kwao. Wakati kampuni kubwa zilituletea simu zilizobuniwa kwa ajili ya wateja wengine, hawa waliweka nafasi za laini zaidi ya moja kwa sababu waliona tunabadilisha laini kufuata gharama, wakaweka betri ya kudumu kwa sababu ya umeme wetu, na wakairekebisha kamera ili ngozi nyeusi ionekane vizuri katika mwanga hafifu. Hakuna siri ya Kichina katika hilo. Walituma watu kukaa Kano, Addis Ababa na kwetu, na walichokisema watu hao kilifika kiwandani kikafanyiwa kazi.

Neema_M alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na shikamoo Dada Zuhura. Nimeelewa sasa kwamba nilikuwa nikichanganya maswali mawili, la kuingia sokoni na la kudumu humo. Nikitaka kuipima hoja ya umbali wa maamuzi kwa haki, bila kuchagua visa vinavyoniunga mkono tu, nichague kampuni gani?

Mwalimu_Hamadi alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nakushauri uchukue kampuni tatu za chakula na vinywaji na uzifuate tangu mwanzo, kwa sababu zote zilifika mahali pamoja kwa njia tofauti. Yum iliitenganisha biashara yake ya Uchina mwaka 2016. McDonald's, mwaka 2017, iliuza sehemu kubwa ya hisa za biashara yake ya Uchina kwa wawekezaji CITIC wa Uchina na Carlyle wa Marekani, ikabaki na asilimia 20, kisha Novemba 2023 ikakubaliana kununua hisa za Carlyle na kupanda hadi asilimia 48. Starbucks ilitangaza Novemba 2025 kwamba itaingia ubia ambamo Boyu Capital, kampuni ya uwekezaji ya Kichina, itamiliki hadi asilimia 60. Kwa kila moja, andika tarehe ambayo madaraka ya bei, ya bidhaa mpya na ya kufungua maduka yalihamia Uchina, kisha ulinganishe na kilichotokea sokoni miaka mitatu kabla na mitatu baada ya tarehe hiyo. McDonald's ndiyo itakayokusumbua zaidi, kwa sababu iligawa madaraka kisha ikarudi kununua hisa, na ukiweza kueleza kwa nini ilifanya hivyo, wasahihishaji hawatakuwa na la kukuuliza kuhusu utamaduni. Na upande wa walioshindwa, weka Carrefour iliyokuwa chini ya Suning pamoja na eBay, ili uwe na mfano mmoja ambao hoja yangu inautosha vizuri na mwingine ambao haiutoshi.